Kabla hujachimba shimo la mche, uliza shamba ni la nani

Matanga yamekwisha, mahema yamerudishwa kwa mwenyewe, na basi la usiku limekushusha Nairobi kutoka Homa Bay. Wiki mbili baadaye kikundi cha WhatsApp cha familia kinachangamka. Baba mdogo anauliza ekari mbili za mzee zitafanyiwa nini. Binamu mmoja anasema kuna mtu anayetaka kukodi apande miwa. Wewe, ambaye umekuwa ukitazama video za wakulima hadi saa nane za usiku, unaandika: "Tupande miti ya matunda na mbao, tuchanganye na mahindi." Watu wawili wanaweka kidole gumba. Wengine kimya. Dada yako mkubwa ameusoma ujumbe, alama za buluu zinaonekana, lakini hasemi neno.

Leo tunataka kuzungumzia kimya hicho.

Wazo lako ni zuri, na tuliseme hilo mapema ili tusije tukaeleweka vibaya. Kuchanganya miti, mazao ya chakula na mifugo kwenye kipande kimoja cha ardhi, yaani kilimo mseto cha miti, si mtindo wa juzi ulioletwa na watu wa makongamano ya tabianchi. ICRAF, taasisi ya kimataifa inayotafiti kilimo cha aina hii, ina makao yake Nairobi tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, na wataalamu wake wamefanya majaribio kwa miaka mingi Maseno na vijiji vya karibu. Mbita nako, ukingoni mwa Ziwa Victoria, kuna kituo cha icipe chenye jina la mwanzilishi wa taasisi hiyo, Profesa Thomas Odhiambo. Hapo ndipo mbinu ya Vuta-Sukuma ilipokomazwa katika miaka ya 1990. Unapanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi, nayo inawafukuza nondo wa funza wa mabua na kuua kayongo, lile gugu la maua ya zambarau ambalo nyanya yako amepigana nalo maisha yake yote. Pembeni mwa shamba unapanda nepia, inayowavuta nondo hao watage mayai huko. Ng'ombe anakula desmodiamu na nepia. Hakuna kinachopotea.

Ardhi ya kusini mwa Nyanza inahitaji mapumziko ya namna hiyo. Migori imelima tumbaku kwa miongo mingi, na tumbaku hukaushwa kwa moto wa kuni. Pita Uriri au Kuria, kisha uwaulize wazee vilima vile vilikuwaje walipokuwa watoto. Mwaka 2022 mashirika ya Umoja wa Mataifa ya afya, chakula na kilimo yalianzisha na serikali mpango huko Migori wa kuwasaidia wakulima kuacha tumbaku na kupanda maharagwe yenye madini mengi ya chuma. Upande wa Awendo na Ndhiwa, miwa imelisomesha taifa la watu, hatukatai, lakini muwa hukaa shambani mwaka mmoja na nusu na zaidi, na muda huo wote watu wa nyumbani wananunua unga dukani.

Kwa hivyo, ndiyo, panda miti. Serikali yenyewe inakuimbia wimbo huo huo. Mnamo Desemba 2022 ilizindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032. Novemba 13, 2023 tulipewa hata sikukuu ya kupanda miti (na tunajua ni wangapi waliitumia kulala). Kanuni za 2009 za misitu ya mashambani zinamtaka kila mwenye ardhi ya kilimo awe na miti katika asilimia 10 ya shamba lake.

Soma tena maneno hayo: kila mwenye ardhi. Hapo ndipo kazi ilipo.

Ulipoandika "tupande miti", ulidhani unazungumzia mazingira na pesa. Baba mdogo alisikia kitu kingine kabisa. Huku kwetu mti si mche tu. Maharagwe yakipandwa yanakaa miezi mitatu, yanang'olewa, na hakuna aliyepoteza kitu. Siala ukiupanda, utakaa pale hadi wajukuu zako wauote kivuli. Ua wa ojuok unaozunguka boma ulipandwa na mtu aliyekuwa akisema: mimi naishi hapa. Wazee wanapogombana kuhusu mpaka, husimama na kuonyesha mti, "ule ulipandwa na babangu". Mti ni ushahidi. Mti ni hati inayoota majani.

Ndiyo maana katika sehemu nyingi za magharibi mwa Kenya wanawake walikatazwa kwa muda mrefu kupanda miti. Walilima, walipalilia, walivuna, walibeba maji. Lakini mti? Hapana. Mwanamke akipanda mti ataonekana anadai ardhi. Anayeifahamu mila hiyo hawezi kushangaa dada mkubwa akinyamaza ndugu yake wa kiume anapotangaza kwenye simu kwamba shamba lote la baba litajaa miti aliyoichagua yeye.

Sasa njoo kwenye karatasi. Vijana wengi wa mjini husema "nina shamba ushago". Tunakuomba ufanye jambo moja kabla ya kununua hata mche mmoja: nenda ofisi ya ardhi ya kaunti ukafanye sachi, uone jina lililo kwenye rejista. Usishtuke ukikuta ni la babu. Ardhi nyingi ya iliyokuwa wilaya ya South Nyanza ilipimwa na kuandikishwa miaka ya 1960 na 1970 kwa majina ya wazee wa wakati huo. Wazee hao walikufa, wana wao wakagawana kwa mdomo, kila mmoja akajua mwisho wake ni pale kwenye mwembe, na hakuna aliyeenda mahakamani. Wana nao wameanza kuondoka. Kwa hivyo huenda baba yako hakuwahi kuwa na hati, na mirathi inayokusubiri si moja bali mbili, ya babu kwanza, kisha ya baba.

Njia yenyewe si ya ajabu, ni ndefu tu. Mnatafuta cheti cha kifo. Mnaenda kwa chifu awaandikie barua inayowataja warithi wote, na wote maana yake ni wote, pamoja na yule aliyeolewa Isebania na yule mtoto wa nje ambaye hamumtaji. Mnapeleka ombi mahakamani, kwa hakimu au Mahakama Kuu kulingana na thamani ya mali. Tangazo linachapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na mwenye pingamizi anapewa siku 30. Mahakama ikiridhika inatoa barua za usimamizi wa mirathi. Hapo wengi husherehekea na kukosea, kwa sababu barua hizo hazikupi shamba. Zinampa msimamizi mamlaka ya kulitunza. Kwa kawaida ni lazima miezi sita ipite ndipo mahakama iidhinishe mgao, na baada ya hapo ndipo mpimaji anakuja, vipande vinapata namba zake, na hati zinatoka.

Kabla ya hapo, kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi kinasema kuchukua au kutapanya mali ya marehemu bila idhini ni kosa la jinai. Binamu anayemleta mtu wa miwa awekewe sahihi na baba mdogo pekee anacheza na moto. Nawe ukilizungushia seng'enge uite "ekofamu" yako, hauko mbali naye.

Na mama akiwa hai? Msee, shamba bado si lako. Sheria inampa mjane haki ya kunufaika na shamba lile akiwa hai, hata kama wewe tayari una simba yako pale bomani. Unaweza kuwa mkono wake. Huwezi kuwa bosi wake.

Dada zako wana fungu sawa na lako. Sheria hiyo, iliyoanza kutumika 1981, inasema watoto, na neno hilo halina jinsia. Mwaka 2005, katika kesi ya Rono, Mahakama ya Rufaa ilikataa hoja kwamba binti apewe kidogo kwa kuwa ataolewa. Katiba ya 2010 ikaja kukata mizizi iliyobaki: kifungu cha 60 kinataka ubaguzi wa kijinsia uondolewe katika sheria na mila zinazohusu ardhi. Tunajua yanayosemwa vijijini. Tunajua pia kwamba vijana wengi wanaojiita wa kisasa, wanaoandika kuhusu usawa mtandaoni, hugeuka wazee wa 1950 siku shamba la baba linapogawanywa. Kilimo mseto cha miti kinaweza kuwa njia nzuri sana ya kumdhulumu dada yako taratibu. Ukipanda grevilea 300 katika fungu lake leo, baada ya miaka kumi utasema, "Lakini mimi ndiye niliyeiendeleza ardhi."

Kuna watakaosema: basi tusubiri mirathi iishe ndipo tuanze. Hapana. Kuna familia zimesubiri miaka 20. Ardhi iliyoachwa humomonyoka, huingiliwa na jirani, au huuzwa kipande kipande kulipa deni la hospitali. Tunachoshauri ni kuanza vitu viwili kwa pamoja, faili mahakamani na kipande kidogo shambani, huku mkichagua vya kupanda kwa kufuata kile ambacho tayari mmekubaliana.

Kaeni chini, mama, ndugu wote na baba mdogo, mzee wa kijiji akiwa shahidi. Andikeni ukurasa mmoja. Nani atatumia sehemu gani kwa sasa, miti ya mpakani ni ya nani, ikikatwa pesa zinagawanywa vipi, na kwamba kupanda si kurithi. Kila mtu atie sahihi. Karatasi hiyo haichukui nafasi ya mahakama, lakini mkifika kwa hakimu mtakuwa mmeshavuka nusu ya ugomvi.

Halafu pandeni visivyoleta vita. Papai huanza kuzaa kabla ya mwaka au karibu na hapo. Ndizi huchukua mwaka na kidogo. Desmodiamu na nepia zikianza kuleta shida zinang'olewa. Kaliandra, kichaka cha malisho, huanza kukatwa majani baada ya miezi tisa hadi 12, na hesabu yake inapendeza: vichaka 500 hivi vinatosha kumpa ng'ombe mmoja wa maziwa kilo sita za majani mabichi kila siku mwaka mzima, na kilo tatu za majani hayo zinakaribia protini ya kilo moja ya chakula cha dukani. Ekari moja yenye umbo la mraba ina mzunguko wa mita 250 hivi. Ukipanda kaliandra kila nusu mita kuizunguka, unapata vichaka 500 bila kugusa sehemu ya mahindi. (Kwa aliyezoea lugha ya mjini, ekari ni kama ploti nane za 50 kwa 100. Si ndogo jinsi unavyodhani, na si kubwa jinsi unavyojigamba.)

Miti ya mbao kama grevilea, siala au ober, iacheni mpakani, mpaka ambao mmekubaliana, na iwe ya familia nzima hadi hati zitoke. Kila baada ya mita tatu, ekari ile itabeba miti 80 na kitu. Na tafadhali, achana na ndoto ya kujaza mikaratusi kwa sababu jamaa fulani aliuza nguzo za umeme. Mkaratusi hunywa maji sana, mahindi ya karibu nayo hudumaa, na jirani ambaye mtama wake umekauka ndiye utakayemhitaji awe shahidi wako siku ya mpaka.

Kuna jambo jingine ambalo video hazisemi. Mvua ya kwanza, chwiri, ikianza kati ya Februari na Machi, usiamke alfajiri ukapanda kabla ya mama. Katika boma nyingi za Waluo mbegu ina mpangilio wake, wanaita golo kodhi: mkubwa huanza, wengine hufuata kwa zamu. Anayeruka foleni anaogopewa kuleta chira. Unaweza kuamini au usiamini, hiyo ni shauri yako, lakini kungoja siku mbili hakutakugharimu chochote, na kutongoja kunaweza kukugharimu wasaidizi wote uliokuwa nao. Kwa Wakuria, Wasuba na Waluhya wa Migori taratibu si hizi, kwa hivyo uliza za kwenu. Uliza pia kuhusu makaburi. Usichimbe mashimo ya maembe karibu na alipolala babu ukamwachia shangazi kazi ya kukueleza.

Baada ya mila kuna mbuzi. Mahindi yakishavunwa, mifugo katika vijiji vingi huachiliwa itembee popote, na mche wa miezi mitano kwao ni peremende. Kuna mchwa pia, hasa nyanda za chini karibu na ziwa, wanaofagia miche wakati wa kiangazi kana kwamba walitumwa. Ndiyo maana miche 60 inayotunzwa ni bora kuliko 600 ya kupigia picha. Na ya kutunzwa inataka mtu. Wewe uko Pipeline au Umoja, unatuma doo kwa simu, unaambiwa "miti iko poa", unakuja Desemba unakuta vijiti. Mkulima wa simu huvuna anachostahili. Mlipe binamu anayeishi pale mshahara unaojulikana, au mpe fungu la malisho na matunda, iandikwe kwenye ule ukurasa mmoja. Usimpe "asante" ya elfu moja kila Krismasi kisha ushangae mbuzi wake ndio walioingia.

Pesa? Mwaka wa kwanza ni kutoa. Mwaka wa pili utauza ndizi na papai kidogo sokoni Oyugis au Rongo, na viazi vitamu vya katikati ya mistari vitakurudishia nauli. Embe lililopandikizwa linataka miaka mitatu hadi minne, mbao kumi na zaidi. Usiache kazi. Usichukue mkopo wa simu ukanunue miche. Na mtu akija na fomu ya kulipwa kwa kaboni, mwambie akuachie nakala uisome na ndugu zako, maana bila umiliki unaoeleweka sahihi yako haina uzito, na ikiwa na uzito basi umewafunga na wenzako.

Lakini lawama zote hatuwezi kumtwika kijana wa WhatsApp. Kila msimu tunaona viongozi wakigawa miche kwenye baraza, picha zinapigwa, koleo linarudishwa kwenye gari. Miche hiyo inaenda katika mashamba ambayo mwenye jina kwenye hati alizikwa kabla ya Kenya kuwa na vyama vingi. Tungependa kuona serikali za kaunti za Migori na Homa Bay zikileta kwenye baraza lile lile meza ya pili: ofisa wa ardhi wa kufanya sachi papo hapo, karani wa mahakama mwenye fomu za mirathi, na wakili wa msaada wa kisheria. Tayari kuna Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, na FIDA wana ofisi Kisumu wanaosaidia wanawake katika kesi za namna hii. Kinachokosekana ni kuwapeleka Ndhiwa, Nyatike, Mbita na Kehancha kabla ya mvua, kama miche inavyopelekwa. Machifu nao waelekezwe wasitoe barua yenye majina ya wana wa kiume pekee. Barua hiyo ndiyo mbegu ya kesi nyingi zinazojaza mahakama zetu.

Hayo ni ya gava, na yatachukua muda wake. Wewe, rudi kwenye kikundi. Usiandike humo. Mpigie dada yako simu, muulize lini anaweza kusafiri nyumbani, na muulize pia yeye angependa tupande nini.